Kiti Kilichokwama Juu ya Theluji

"Usitazame chini, madam," Damaris alisema. "Tazama miti."

Kabla Damaris hajamaliza hata salamu, madam alikuwa ameshaanza kulia. Familia ilikuwa likizoni nchini Georgia, milimani, kucheza kwenye theluji. Kiti cha waya kinachowapandisha watalii kilikuwa kimekwama katikati ya safari, naye amekaa peke yake, bonde zima chini ya miguu yake. Mumewe alikuwa akiteleza upande wa pili wa mlima, hapokei simu. Watoto walikuwa na mwalimu wao.

Damaris alikuwa Riyadh, sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kidato cha chini cha ngazi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akifanya kazi za ndani kwa familia hiyo.

"Upepo unakitikisa kiti! Nitaanguka!"

"Huanguki. Simu iingize ndani ya kofia, ushike chuma kwa mikono yote miwili."

"Damaris, usiende popote!"

"Siendi popote, madam."

Akamwambia achezeshe vidole vya miguu ndani ya viatu, visife ganzi. Baridi aliijua kiasi. Kwao Nyamira, alfajiri, walichuma majani chai yenye umande hadi vidole vikakataa kukunjika.

"Madam, naomba nikuambie—"

Upepo ukavuma. Madam akapiga ukelele, na maneno ya Damaris yakapotelea humo.

"Niambie! Niambie chochote, ila usinyamaze!"

Basi Damaris akamwambia habari za chai. Jinsi kikapu kinavyofungwa mgongoni. Jinsi mama yake alivyowaimbisha ili wasahau baridi. Akauimba wimbo wenyewe, polepole, akisimama kila baada ya maneno mawili kuvuta pumzi. Madam hakuelewa hata neno moja la Kikisii, lakini kilio chake kikapungua.

Nusu saa ikapita. Sauti ya Damaris ikaanza kukatika.

"Unalia?" madam akauliza.

"Kidogo, madam."

"Maskini. Unanihurumia."

Damaris akaurudia wimbo.

Ghafla madam akapaza sauti. "Kinakwenda! Alhamdulillahi, kinakwenda!"

Zikasikika kelele za watu wakipiga makofi, kisha watoto wakimwita mama yao.

"Damaris, Mungu akulipe. Wewe ni dada yangu kabisa. Halas, yamekwisha, nimefika!"

"Madam, ngoja—"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Damaris akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mtu mwingine pekee aliyemjua nchini humo alikuwa Rispah, mfanyakazi wa ndani kule Jeddah, ambaye bosi wake humrudishia simu siku za Ijumaa tu. Akapiga mara ya tatu.

Picha ikaingia. Madam anacheka, kikombe cha chokoleti mkononi, na nyuma yake watoto wamepanda kigari cha kuteleza. Chini ameandika: "Tutaonana Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Madam hakukumbuka kwamba si yeye aliyekuwa amepiga simu ile ya kwanza. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa kwa nje, kama kila waliposafiri, na mfupa wa mguu wa Damaris, aliyeteleza ngazini asubuhi, ulikuwa umetokeza nje ya ngozi.