Mdomo wa Shaba

Tegua hiki, wewe unayesoma: hunywa kinachochemka, tumbo lake halizidi kichwa cha kidole gumba, na kila anapotapika huchanua ua.

Umeshindwa? Basi nipe mji, nipe Lasem, maana ndiko tunakokwenda. Ni kalamu ya nta ya mafundi wa batiki: kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba. Unachota nta ya moto, unachora kitambaani, na palipopita nta rangi haiingii.

Pale Lasem hakuna aliyeimudu kalamu hiyo kama Mbok Wagiyem, yaani Mama Wagiyem kwa lugha ya kwao. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia.

Ila mwaka ule kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kuvimba. Mkono ukitetemeka nta hudondoka, na nta ikidondoka kitambaa kimekwisha. Tajiri aliyewaajiri yeye na wenzake kuchora uani kwake, Pak Handoyo, alikuwa ameshawarudisha nyumbani wanawake wawili kwa sababu ya madoa. Mbok akawa anakificha kidole chini ya kitambaa na kuzidisha maneno.

Kwa hiyo Pak Handoyo alipomleta Prasojo, kijana aliyesomea ufundi wa vyuma, atengeneze kalamu bora, Mbok alimpokea kama mkwe.

"Mafundi wetu wanagonga shaba kwa nyundo, Mas," alimwambia, akimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Kila mdomo na kiburi chake. Wako utakuwaje?"

"Mashine ndiyo itakata, Mbok. Yote itafanana kama mapacha."

"Basi nifanyie na mpini mwepesi. Huu wa mwanzi unaniua."

"Tuanze na mdomo kwanza."

Wakaanza na mdomo. Kila alipoleta mpya, Mbok aliuchomeka kwenye mpini wake wa zamani, akachota nta, akajaribu.

"Huu unakojoa," alisema, na wenzake wakaangua kicheko. "Punguza tundu. Na huu mwingine umesimama kama jogoo, utachana nyuzi. Ulaze."

Prasojo akapunguza, akalaza. Akataka pia mdomo usioziba kamwe, usiohitaji kupulizwa.

"Hee! Hata pumzi zetu huzitaki?" alitania Yu Painah, aliyekaa kigoda cha pili.

Prasojo hakucheka.

"Na mpini, Mas?" Mbok aliuliza.

"Tutafika, Mbok."

Siku moja Prasojo alimfunga Mbok kwenye kifundo cha mkono kidude chenye taa iliyomemeta kila mkono uliposogea, akamwomba achore bawa la ndege. Kisha lingine. Kisha lingine, polepole. Gumba liliwaka moto, lakini Mbok aliuma meno akachora.

"Unaona?" alimnong'oneza Painah. "Ananipima mpini."

"Wako peke yako?"

"Mkono huu una mwenzake hapa uani?"

"Haya, malkia. Ukishapewa, utuazime na sisi tunaochora kwa miguu."

Hatimaye mdomo ukapatikana. Nta ilitoka nyembamba kama unywele, haikuziba, haikudondoka. Mbok alimaliza bawa zima bila doa, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kweli. Wanawake wakapiga makofi. Pak Handoyo mwenyewe alitoka ndani, akainama juu ya kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mbok alishusha pumzi. Kwa kalamu kama hii angekaa kwenye kigoda chake mpaka azeeke vizuri, na asimfiche mtu kidole.

"Sasa, Mas," alisema, akikunjua kiganja mbele ya kijana kama mtoto anayedai peremende. "Mdomo nimekupa. Mpini wangu uko wapi?"

Prasojo alimtazama Pak Handoyo. Pak Handoyo alikuwa anavitazama vigoda.

"Hizi hazina mpini, Mbok," kijana alisema. "Zinafungwa kwenye mikono ya chuma. Yote imeshajifunza mwendo wako."