Skrubu Nne za Tumboni

"Chukua skrubu," mshonaji alisema kabla mumewe hajanyoosha mkono.

Muuza vipuri alishangaa. Juu ya meza yake kulikuwa na mafungu mawili. Kushoto, skrubu za kawaida, za kutiwa na kutolewa kwa bisibisi. Kulia, vifungo vya kisasa: unakizungusha kimoja kidogo tu, kifuniko cha ndege kinafunguka, na kifungo chenyewe kinabaki kimeng'ang'ania palepale. Hakidondoki wala hakipotei.

"Lakini mama, ndege yenu imekataliwa na mkaguzi mara mbili kwa sababu ya skrubu kupotea. Hivi havipotei."

"Nimeshona nguo miaka ishirini na miwili, usinifundishe vifungo. Kinachomfungukia upesi mwenyewe, huufungukia upesi upepo pia. Unataka kifuniko kimtoke huko juu?"

Mumewe, fundi magari aliyekuwa akiiunda ndege hiyo kwa mikono yake mwenyewe, alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mkewe kwa mara ya kwanza.

"Haya," akasema polepole. "Tufungie skrubu."

Mshonaji alivuta pumzi. Yote aliyosema yalikuwa uongo. Sababu yake ilikuwa moja tu: kifungo kisichotoka hakiibiki.

Miaka mitatu nyuma, shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliruka na ndege ya kwanza ambayo ndugu hao wawili waliiunda pamoja. Kifuniko cha injini kikachomoka, kikapiga mkia. Ndege ilianguka nyuma ya uwanja, mbele ya macho yao. Jeneza walilobeba lilikuwa jepesi mno. Mumewe, macho mekundu, aliapa mbele ya waombolezaji wote kwamba ataunda nyingine na atairusha yeye mwenyewe, kwa ajili ya mdogo wake.

Tangu siku hiyo watu hawakumwuliza tena habari za asubuhi. Walimwuliza, "Fundi, unaruka lini?" Naye alicheka, akasema karibuni.

Mshonaji alilia. Alinuna. Aliita wazee wa pande zote mbili. Jibu lilikuwa lilelile: "Nimeshaapa kaburini." Maneno yalipomwishia, akashika bisibisi.

Kila mkaguzi alipokaribia kuja, alijipenyeza chini ya ndege na kutoa skrubu chache kwenye kifuniko cha tumboni, mahali ambapo mkaguzi hakosi kupaona. Ndege isiyo na kibali hairuki, na asiyeruka haanguki. Mara ya kwanza alitoa tatu, mara ya pili tano. Mumewe alidhani zimeng'olewa na mtikisiko wa injini. Na kila baada ya kukataliwa, alilala usingizi mzito, akikoroma kama mtoto mwenye mafua. Mshonaji alidhani ni uchovu.

Sasa mkaguzi alikuwa ameonya: ikikataliwa mara ya tatu, jalada linafungwa, na ndege hiyo haitakaguliwa tena. Zilihitajika skrubu chache tu, kwa mara ya mwisho.

Siku yenyewe, jua halijachomoza, mshonaji alitoka nyumbani akaingia kwenye banda la ndege, akalala chali sakafuni. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika ya nne alisikia nyayo mlangoni. Akabana pumzi. Nyayo zikasimama kidogo, kisha zikaondoka taratibu. Mlinzi wa uwanja huyo, alijisemea. Akatia skrubu nne kwenye mfuko wa gauni, akarudi nyumbani kuchemsha chai.

Saa tatu uzio wa uwanja ulikuwa umejaa watu. Ndege ilisukumwa nje. Mkaguzi, mtu asiye na maneno mengi, alibonyeza kila kifuniko kwa kidole gumba, akamulika kila pembe kwa tochi. Hatimaye akalala chini ya tumbo la ndege. Mshonaji alisubiri, mikono imekutana kifuani. Alikuwa karibu kutabasamu.

Mkaguzi alikaa huko chini muda mrefu. Alipoinuka alijipangusa magoti, akalaza karatasi juu ya bawa, akatia sahihi.

"Zote zipo," alisema. "Na zimekazwa vizuri."

Mshonaji alitia mkono mfukoni. Vidole vyake vikahesabu: nne.

Mumewe alikuwa ameshapanda. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu, na jasho lilimtiririka shingoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Injini ikanguruma, pangaboi likaanza kuzunguka. Watu wakashangilia. Mshonaji alikimbia, akaling'ang'ania dirisha.

"Shuka! Baba, shuka!"

Lakini mumewe alikuwa ameziba masikio kwa vile vizibo vya marubani. Aliona midomo tu ikicheza, akadhani anaombewa dua, naye akaitikia, "Amina!" Kisha akainama, akamshika shavu, akapaza sauti juu ya kelele za injini.

"Nilikuwa nimeacha, mke wangu! Miaka yote mitatu nimekuwa naogopa, naona haya kusema. Leo alfajiri nilikuja bandani kuitazama kwa mara ya mwisho, nirudi nikuambie siruki tena. Nikakukuta umelala sakafuni na bisibisi mkononi, unanikazia skrubu. Nikaona aibu! Ulipoondoka nikapitia kazi yako. Ulikuwa umesahau nne tu. Nikatia nyingine mwenyewe."

Akauondoa mkono wake shavuni, akaachia breki.