Mke wa Matiko na Hukumu ya Rufani

Kwa Ijumaa ya tatu mfululizo, Esta alirudi nyumbani ananukia sabuni.

Si sabuni ya magadi, ile inayochubua vidole. Sabuni ya kuogea, yenye harufu ya maua, katika mwaka wa themanini na nne, wakati mji mzima wa Musoma ulikuwa unaoga kwa maji na imani. Sukari ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa ya foleni, na sabuni ya namna hiyo ilivuka mpaka wa Sirari ikiwa imefichwa ndani ya gunia la mahindi. Mtu hanukii hivyo kwa bahati tu.

Matiko alivuta pumzi mara mbili mlangoni. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki furu.

Ieleweke kwamba Matiko hakuwa na wivu wa kijinga. Esta alikuwa amezaa watoto watatu katika nyumba ile ya Mwisenge, kila mmoja na pua yake, na hakuna pua hata moja iliyofanana na ya Matiko. Matiko hakuwahi kuuliza. Pua zote tatu ziliandikishwa shuleni kwa jina la Matiko, yakaisha. Lakini mwenye pua hupita njia. Mwenye kutoa sabuni anataka kukaa.

Jirani yao Mwanaupe, muuza vitumbua, akaumwagia moto mafuta, ingawa mafuta yenyewe yalikuwa hayapatikani.

"Jirani, mkeo anaingiaga kwa yule karani wa mahakama, Florian, kule Mukendo," alisema huku akigeuza kitumbua. "Wanafungaga na mlango. Labda wanasali."

Florian! Miaka thelathini, hana mke, ana baiskeli yenye dinamo. Matiko alijipima: miaka sitini kasoro kidogo, magoti yanayolia kuliko bawaba, kikohozi tangu masika. Miaka kumi na mmoja walikuwa wameanika dagaa pamoja na Esta, wakanunua bati moja moja mpaka nyumba ikapata paa. Sasa paa lingebaki, na Esta angeondoka juu ya keria ya baiskeli.

Ijumaa ya nne Matiko alimfuata, hatua hamsini nyuma, akijifanya anatafuta kuku aliyepotea. Kabla ya kufika Mukendo watu wawili walikuwa wamejitolea kumsaidia kumtafuta kuku huyo, na mmoja alidai amemwona. Ikabidi awafukuze.

Chumba cha Florian kilikuwa na dirisha la wavu. Matiko alijibanza chini yake, akasikia maji yakimwagika.

"Nawa vizuri," ilisema sauti ya Florian. "Mpaka viwikoni."

Matiko alisogeza sikio karibu na wavu.

"Mkono wenye dagaa haugusi Mahakama ya Rufani."

Hapo Matiko akainuka na kuchungulia. Esta alikuwa amesimama mbele ya beseni, mezani pana daftari nene kama Biblia ya kanisani. Karani, kumbe, alikuwa na maradhi yake mwenyewe. Kila gazeti lililofika kutoka Dar es Salaam, hata likiwa limechelewa wiki mbili, alikata humo hukumu za Rufani na kuzibandika: za mashamba, za wizi wa ng'ombe, za watu waliofukuzwa kazi. Sabuni yake pekee aliiweka kwa ajili ya heshima ya kurasa hizo.

Nusu ya wivu ikaondoka.

"Hii hapa niliyokuwa naitafuta," Florian alisema. "Majaji wameamua kwamba mke aliyepika, akafua, akalea, naye ameichangia nyumba. Ndoa ikivunjika, ana fungu lake."

Nusu iliyoondoka ikarudi na ndugu zake. Matiko akausukuma mlango, ambao wala haukuwa na komeo.

"Unataka fungu lipi, Esta? La paa au la kuta?"

Esta hakushtuka. Alijifuta mikono kwenye gauni, akaeleza huku akitazama sakafu. Mwezi uliopita, Matiko alipokuwa Kibara kununua dagaa, watu wa ukoo walikuja kutoka Butiama. Waliipima nyumba kwa hatua. Waliuliza kikohozi cha mwenye nyumba kimefikia wapi. Wakasema siku ikifika, yeye na watoto watarudi alikotoka, kwa kuwa pale hana chake.

"Nikasikia kuna hukumu ya wake," alisema. "Nikaja kuuliza kama na mimi nimo. Siendi popote. Nataka wasinitoe."

Matiko aliutafuta wivu mwili mzima, hakuuona. Aliketi kwenye kiti cha karani bila kukaribishwa. Kwa wiki nne alikuwa amemhesabu mwanamke huyu kuwa ameshaondoka, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kubaki.

"Waandikie hao majaji barua," alimwambia Florian, kwa sauti ya mwenye mke. "Waambie huyu ni mke wangu. Ng'ombe nilitoa mimi, kumi na wawili, ili nyumba yangu isikose watoto. Hao waliokuja kupima kuta, pombe ya siku ya mahari waliinywa wao."

Florian alilifunga daftari polepole, kama mtu anayemfunika marehemu.

"Najua, mama," alimwambia Matiko. "Lakini sheria ya ndoa inamjua mke wa mwanamume tu. Mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila haimjui."