Kibao cha Lugha Mbili

"Bairbre, shoga, ni mlango gani huo unaokupiga kila mwanao akilewa?" jirani alimwuliza siku moja. Bairbre alicheka tu, akavuta sweta kufunika kifundo cha mkono kilichovimba.

Leo amepanda basi hadi ofisi ya mahakama mjini, akaombe amri ya kumzuia mwanawe asikanyage nyumbani. Rozari i mfukoni. Akiogopa, Kiingereza humkwama kooni. Lakini kwenye dirisha la karani pana kibao, Kiayalandi, lugha ya kijijini kwao, juu, Kiingereza chini: una haki ya kuhudumiwa kwa lugha yoyote kati ya hizi.

Akakigusa kwa kidole. "Kiayalandi, tafadhali."

"Usijali, mama," karani akasema. "Anayekijua hapa ni mmoja tu, na ni wa hukohuko kwenu. Mtapiga soga mpaka mchoke!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatokea kijana yule anayekunywa pombe na mwanawe kila Jumamosi, kikombe cha chai mkononi.

"Ah, mama yetu!" akachangamka kwa Kiayalandi. "Umefuata nini huku? Mwenzangu anajua umekuja?"

Bairbre akavuta sweta hadi vidoleni, akageuka, akatoka.