Chupa ya Tope Mezani kwa Mama

Kitendawili! Sema "tega", usininyamazie. Wanangu hawana mdomo wala tumbo, lakini nikiziba dirisha wanalala na njaa. Umeshindwa? Nipe mji basi, nikwambie: ni wale wadudu wa zambarau wasioonekana kwa macho, waliokuwa ndani ya chupa ya tope iliyowagombanisha mawifi wawili kabla hata msiba haujaisha.

Mwenye chupa alikuwa binti wa marehemu. Nyumbani walimwita Daktari wa Tope, maana alisoma akamaliza vitabu, na bado kazi yake ikawa kuchota matope mabwawani. Alifika mama yake ameshazikwa. Begi hakulitua, alipita watu sebuleni, akaingia chumbani kwa mama, na huko akabaki akipapasa ukuta.

"Wifi! Mbona humu giza, na nje jua linawaka?"

Mke wa kaka yake alikuja na tochi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi zito, limepigiliwa misumari iliyopinda, mingi yake chini, usawa wa mtu aliyekaa kitini.

"Nani alitundika blanketi hili?"

Wifi alitazama sakafu. "Njoo ule kwanza. Umetoka safari."

"Nimeuliza nani."

Wifi alimkabidhi tochi.

Pale mezani, mbele ya dirisha, chupa yake ilikuwa palepale alipoiacha siku ya kuondoka kwenda kusoma ng'ambo. Aliijaza mwenyewe: tope la bwawani, ganda la yai, vipande vya gazeti, maji juu, kisha akakaza kifuniko. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wenzangu wanaachiwa wajukuu, mimi naachiwa tope!"

"Lina watu hilo, Mama. Hawali ugali wala wali, wanakula mwanga. Kila mmoja ana rangi ndani yake, kama vikono vingi. Mwanga ukigusa kikono kimoja, kinampasia mwenzake, naye mwenzake, kama watu wanavyopasiana ndoo nyumba inapoungua, mpaka ufike jikoni katikati. Huko unageuka nguvu."

"Na wakishiba?"

"Wanazaana. Utaona zambarau inapanda kwenye kioo. Ikifika shingoni mwa chupa, jua mimi nipo mlangoni. Ila usiiguse, usiisogeze, usiifunike. Likitikisika tu, umewavunjia nyumba."

"Sitaigusa," mama alisema, na alikuwa mtu wa neno lake.

Masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa kazi nyingine, mwaka ukawa miaka. Kila alipopiga simu, binti aliuliza lile lile: "Mama, imefika wapi?"

"Bado, mwanangu. Iko chini huku. Wewe fanya kazi yako, usiwe na wasiwasi."

Naye alicheka, moyo ukamtulia. Alijiambia tope la kwao lilikuwa vivu.

Sasa aliinama, akaimulika. Tope lilikuwa jeusi tii. Kulikuwa na uzi mmoja tu wa zambarau, umesimama sambamba na mahali ambapo panya alitoboa blanketi. Lakini juu, karibu kabisa na shingo, kioo kilikuwa na alama iliyofifia, kama doa la chai kikombeni. Daktari wa Tope aliisugua kwa kidole, haikutoka. Ilikuwa kwa ndani.

"Hawa walishashiba," alisema polepole. "Rangi ilipanda mpaka hapa. Kisha mtu akawanyima mwanga." Akageuka. "Na mama yangu naye mkamzibia humuhumu!"

"Taratibu, wifi, watu wako nje."

"Wasikie! Mlimchoka. Mzee, miguu imemkatalia, hana pa kwenda, na hata jua la dirishani mkamwonea wivu. Mfungwa ana dirisha!"

Wifi alimnyooshea mkono wake wa kulia. "Nimemwogesha mimi. Nimemlisha mimi, kwa mkono huu. Macho yalipopungua, nani alikuwa anammulikia hiyo chupa yenu kila asubuhi amweleze iko vipi? Wewe ulikuwa sauti tu kwenye simu, wifi yangu. Sauti haibebi mgonjwa."

"Kama ulimpenda hivyo, ungemfungulia."

"Nililing'oa hilo blanketi. Alilia siku nzima, asile, asinywe, mpaka nikalirudisha."

"Mwongo wewe!"

Alilishika blanketi kwa mikono miwili, akalivuta. Misumari ikaruka, mmoja ukagonga chupa ikalia. Jua likamwagika chumbani: kitanda kilichotandikwa, bakora ukutani, kiti cha mama kimeelekezwa mezani, kwenye chupa, si mlangoni. Chini ya kiti palikuwa na nyundo ndogo, mpini wake umefungwa kitambaa ili usiumize kiganja.

Alisimama na blanketi mikononi, vumbi likimshukia kichwani. Alipouliza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nani alilitundika, wifi?"

Wifi aliiokota nyundo, akaipangusa kwa upande wa kanga yake.

"Mama mwenyewe," alisema. "Rangi ilifika shingoni mwaka uleule wa kwanza, na wewe hujarudi. Akaniambia, 'Mwanangu hasemi uongo. Ni hawa wanaokula upesi mno.'"