Sentensi Tano za Erastus

Erastus alikuwa na sentensi tano za Kiingereza, na kufikia saa tatu na robo asubuhi alikuwa ameshatumia nne.

Jasho lilimtiririka chini ya tai ya kuazima. Ng'ambo ya meza aliketi Bi Phoebe Ayuma wa kituo cha misitu cha Isecheno, mama aliyesoma Uingereza miaka sita, katulia utadhani yuko sebuleni kwake. Kati yao palikuwa na picha ya trekta na trela la miwa vimekwama matopeni. Dakika kumi na tano za kuzungumza juu ya picha hiyo, basi. Huo ndio uliokuwa mtihani wa mdomo.

Ilikuwa miaka ya sukari, watu wamepanda miwa hadi mlangoni. Kiwanda kipya kiliajiri kila mwenye mikono, lakini kiti cha ofisini kilidai Kiingereza cha juu, si kile cha kuombea maji. Erastus akiharibu leo, kesho yuko Mayoni na panga lake shambani, na mgongo wake ulikuwa umeshakataa kazi hiyo. Tena mkewe, Milcah, alikuwa ametangazia majirani wote kwamba wanahamia Shieywe, mjini.

Nafasi hii alitafutiwa na mjomba wake, Were, karani mkuu wa kiwanda. Sentensi zenyewe ni Were aliyemkaririsha.

"Ile ya tano ni ya shida," alimwambia. "Na usicheke, usitikise kichwa. Uso ukauke tu. Watu wanaharibunga hapo, kwa uso."

Basi Erastus akaukausha uso, na Bi Phoebe akazungumza. Maneno yalimtoka bila kukwama. Aligusa picha, akapunga mkono kuelekea dirishani, akacheka kidogo peke yake. Katika yote hayo Erastus aliambulia neno moja: Kakamega.

Kisha mama akanyamaza, akimtazama. Lilikuwa swali, Erastus alilijua kwa jinsi sauti ilivyopanda. Shida ndiyo hii sasa, akawaza, akaitoa sentensi ya tano, kwamba jambo hilo linavutia mno.

Bi Phoebe akakunja uso. Akauliza tena, polepole, kwa maneno mafupi ya kumhurumia mtu. Erastus akakohoa. Akatazama saa ya ukutani, akakohoa tena. Aliona aibu, aibu hasa, ya kutamani kuingia chini ya meza.

Kengele ikamwokoa. Wakasimama, wakapeana mikono, wake ukiwa umelowa chapa.

Bi Phoebe alipofunga mlango nyuma yake, Erastus alivuta fomu ya alama, akamwangusha kwa kutoeleweka, kisha akamwita mtahiniwa wa pili.