Tishu ya Nane

Tishu saba zilikuwa kavu. Ya nane, iliyozungushiwa kiungo cha bomba chini ya kitanda, ilikuwa na doa moja la waridi, rangi ya maji yanayopita kwenye mabomba ya kupasha gari joto, dogo kama punje ya mtama.

Mama Pacha alilitazama akiwa amelala kifudifudi. Sharti lilikuwa lake mwenyewe: mumewe ameziba mabomba mara tatu, na yakivuja tena, gari lao lenye kitanda na jiko linauzwa leo. Mnunuzi alikuwa nje, anayapiga matairi mateke.

"Vipi, mama?" mumewe aliuliza kutoka kitandani, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. "Usinifiche. Nimejiandaa."

"Umejiandaa nini, na unatetemeka mpaka kitanda kinalia?"

"Ni baridi hiyo."

"Baridi gani? Humu tunaiva!"

Maneno yalikuwa yamemtoka Mama Pacha kabla hajayapima. Kweli bomba lilikuwa linampasha shavu, na vidole vyake vya miguu, vilivyozoea kulala ndani ya soksi mbili mbili, vilikuwa peku na vinajichezea vyenyewe.

Aliikunjakunja tishu, akaitia kifuani.

"Kavu," alisema. "Zote nane. Kamwambie huyo bwana ayaache matairi yetu."

Juu yake kitanda kilipiga kelele. Miguu ikakimbilia mlangoni.

Mama Pacha akanyoosha mkono, akachukua bisibisi, akaikaza skrubu ya kiungo cha nane.